Sola kwenye gari la kulalia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Kazi yangu ni kufunga sola, na siku hizi magari yananipa kazi karibu sawa na nyumba. Mengi ni nissan zilizokuwa matatu, zimeng'olewa viti zikatiwa kitanda na sinki. Mengine ni Land Cruiser zenye hema juu ya paa. Safari zenyewe ni zile zile: Diani, Watamu, Shimba Hills, au Tsavo kwa geti la Voi. Na maswali pia ni yale yale, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa wateja tukiwa tumesimama kando ya gari.

Fundi, gari langu linataka paneli ya wati ngapi?

Hatuwezi kujua, mimi wala wewe, mpaka tujue usiku wako unakula kiasi gani.

Karibu kila mtu anaanza na paneli kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini angalia siku ya Mombasa ilivyo. Jua linakuchwa karibu saa kumi na mbili na nusu, na tangu saa kumi na moja jioni paneli imeshachoka. Asubuhi haitoi cha maana mpaka saa mbili. Hapo katikati pana masaa 15, na ndiyo masaa friji inanguruma, feni inazunguka, taa zinawaka na simu zote za familia ziko kwenye chaja. Mtu aliyepiga kambi Limuru atazima feni ajifunike blanketi. Wewe uliyeegesha Watamu mwezi wa Machi, upepo umekatika na shuka limekugandama mgongoni, feni hiyo huizimi.

Kwa hiyo tafuta kwanza betri itakayokuvusha mpaka asubuhi. Ukishaipata, ndipo uulize ni paneli gani itaweza kuijaza kabla jua halijakuchwa tena. Ukifuata njia hii hutanunua kitu mara mbili.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Chukua daftari. Andika kila kifaa, wati zake, na masaa kitakayotumika kwa siku nzima, kisha uzidishe. Unachopata ni wati-saa.

Huu ni mfano wa familia ya watu wanne, wa aina ninayoifungia mara nyingi. Friji ya kompresa ya volti 12 inavuta kama wati 45 ikiwa inanguruma, lakini hainguruma muda wote. Inapoza, inazima, inawaka tena. Huku Pwani, ndani ya gari lililoshinda juani, mimi hupiga hesabu ya nusu ya siku: 45 mara 12, unapata 540. Feni ya wati 20 kwa masaa 8 ni 160. Taa tatu za LED za wati 5, masaa 5, ni 75. Simu nne, 60. Kompyuta ya mkononi ya wati 60 kwa masaa 2 ni 120. Pampu ya sinki inatumika dakika chache tu, tuseme 15. Jumla ni wati-saa 970 kwa siku.

Tazama friji peke yake: zaidi ya nusu ya jumla yote. Ndiyo maana nikiambiwa bajeti ni ndogo, simwambii mtu apunguze taa. Namwambia aitunze friji. Iwashe nyumbani kwa umeme wa kawaida usiku wa kuamkia safari, ili itoke ikiwa baridi tayari. Gandisha chupa mbili za maji uzipange ndani. Samaki wa sokoni usimtie akiwa na joto. Mpitishe kwenye barafu kwanza. Na unapoegesha, hakikisha upande wa friji hautazamani na jua la alasiri. Mambo haya hayana gharama, na yanaweza kukuokolea wati-saa mia moja na zaidi kwa siku.

Haya, betri iwe ya ukubwa gani?

Katika zile 970, kama 700 zinaliwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili asubuhi. Hizo 700 ndizo betri inapaswa kuzibeba peke yake.

Betri ya asidi ya 100 Ah (yaani ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri), kwa volti 12, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo uliyo nayo kweli ni 600. Friji itazima alfajiri, wakati wenyewe mmelala. Familia yetu ingehitaji betri mbili za namna hiyo, na kila moja ina uzito wa karibu kilo 30.

Lithiamu ya LiFePO4 ya 100 Ah ina volti 12.8, yaani wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza. Umepata zaidi ya 1,000 kutoka kwenye betri moja ya kilo 12 hivi. Bei yake inashtua mwanzoni, sikatai. Ila joto la kwetu ni adui mkubwa wa betri za asidi: kanuni tunayoifuata mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hiyo yanapungua kwa karibu nusu. Ndani ya gari lililofungwa hapa mjini nyuzi 35 ni kitu cha kawaida. Nimeng'oa betri za asidi zilizokufa kabla hazijatimiza miaka miwili. Kwa gari la kulalia, mimi nashauri lithiamu, na kama pesa hazitoshi ni afadhali usubiri kidogo.

Ukiamua kutumia ya asidi yenye maji, tafadhali usiiweke chini ya kitanda. Ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inalipuka. Ijengee sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje ya gari.

Sasa tunaweza kuzungumzia paneli?

Sasa ndiyo. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zinapatikana chini ya jua kamili, lile la wati 1,000 kwa mita moja ya mraba. Jua letu likijumlishwa kutwa nzima ni sawa na masaa 5 hivi ya jua kamili. Msimu wa masika, hasa Mei, mimi hupiga kwa 4.

970 gawa kwa 5 ni 194. Usikimbilie dukani na namba hiyo, kwa sababu kuna vinavyopotea njiani. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi inakula asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Juu ya bati la gari saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 bila shida. Hapo umeshapoteza zaidi ya kumi kwa mia. Ongeza vumbi, nyaya, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) na betri yenyewe. Mimi hugawa kwa 0.75: 194 inakuwa 259. Ukihesabu kwa masika inafika 323. Familia ile inafungiwa paneli mbili za wati 150, jumla 300, na ikisafiri Mei inakuwa mwangalifu kidogo.

Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya paneli na paa ili hewa ipite. Zile paneli laini za kubandika zinapendeza, lakini zikigandishwa kwenye bati la moto hazipumui, na hapa Pwani sijaona zikidumu.

Lazima niziinamishe kulifuata jua?

Hapana. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jua la mchana linakuwa utosini karibu mwezi wa Machi mwanzoni na Oktoba mwanzoni. Juni linaegemea kaskazini na Desemba kusini. Paneli iliyolala gorofa inapata sehemu kubwa ya mwanga mwaka mzima. Ukiisomea mitandao ya Ulaya utaambiwa uinue nyuzi 40. Huko ni kwao.

Naegesha chini ya kivuli kila mara. Itakuwaje?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na mfumo mzuri. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, kama mabomba yanayopokezana maji. Ukiziba moja, maji yanapungua kote. Kuti moja la mnazi likitupa kivuli chake juu ya paneli linaweza kukata theluthi ya nguvu yake au zaidi, ingawa kwa macho unaona paneli karibu yote iko juani.

Kuna siku pale Ndololo, ndani ya Tsavo Mashariki, nilipanda ngazi na mita mkononi. Gari lilikuwa chini ya miti iliyo kando ya Mto Voi, mahali pazuri pa kukaa, ndege wamejaa. Paneli ya wati 200 ilikuwa inatoa ampea 3. Tulisogeza gari hatua sita tu, tawi likaondoka juu ya paneli, na mita ikapanda hadi ampea 13. Wenye gari walikuwa wameshaanza kupanga kununua paneli ya pili.

Dawa ninayoipenda ni kuwa na paneli moja ya kukunja yenye waya wa mita 8 au 10. Gari linapumzika kwenye kivuli cha mkorosho, paneli inakaa juani. Usiiache peke yake penye nyani.

Na chini ya mnazi usiegeshe kabisa. Dafu likianguka kutoka juu linapasua kioo cha paneli, na paneli iliyopasuka huingia maji ya chumvi mpaka ife.

Nimeona paneli za nyumba za wati 400 kwa bei nzuri kuliko zile ndogo. Nichukue?

Ukiwa na kontrola ya MPPT, chukua, ikiwa paa lako litabeba kilo ishirini na ushei na urefu wa mita 1.7 kwa upana wa mita 1.1. Ukiwa na kontrola ya PWM, usichukue. Paneli hiyo inafanya kazi kwa volti kama 31 na ampea 13. PWM inaiburura hadi volti ya betri, tuseme 13, na ampea zinabaki 13 zile zile. Piga hesabu: wati 169. Umelipia 400 ukapata 169. MPPT inaibadilisha volti iliyozidi kuwa ampea, kwa hiyo kinachopotea ni kidogo.

Ukubwa wa kontrola: gawa wati za paneli kwa 12. Wati 300 ni ampea 25, kwa hiyo nunua ya 30. Wakati wa kufunga, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itangulie kutoka.

Na eyakondishe je?

Nalielewa ombi hili kuliko yote, maana najua joto la Februari. Lakini kifaa kidogo cha wati 600 kikifanya kazi masaa 8 ya usiku kimekula 4,800, mara tano ya matumizi ya familia yetu kwa siku nzima. Ungehitaji betri nne au tano za lithiamu na paneli zaidi ya paa lenyewe. Weka feni ya kutoa hewa paani, neti kwenye madirisha yote, na uegeshe ubavu wa gari ukitazama bahari ili upepo uingie. Kusi ikivuma utalala vizuri.

Birika, pasi, blenda?

Tofautisha vitu viwili: umeme unaoliwa kwa jumla, na umeme unaovutwa kwa pigo moja. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai hakuli zaidi ya wati-saa 100 hivi. Lakini birika la wati 2,000 linavuta ampea zaidi ya 165 kutoka kwenye betri ya volti 12, na betri nyingi za 100 Ah zina kinga inayokata kwenye ampea 100. Chai ipikwe kwa gesi. Blenda ya wati 400 kwa dakika mbili haina tatizo; inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1,000 yenye mawimbi safi inatosha. Inveta ikae karibu kabisa na betri, kwa waya mnene, na izimwe isipotumika, kwa sababu hata ikikaa bure inakula.

Friji yangu inazima usiku na betri bado ina chaji. Kwa nini?

Waya. Karibu kila mara ni waya.

Yamenifika mwenyewe. Tulikuwa Watamu na familia, tumenunua tasi na changu asubuhi kwa wavuvi, friji imejaa. Saa nane usiku nikasikia kimya, na ukizoea mngurumo wa friji kimya hicho kinakuamsha. Betri ilikuwa na volti 12.4. Nilipoweka mita kwenye plagi ya friji yenyewe nikasoma 11.1, kisha ikaruka tena 12.4 kompresa ilipokata. Friji ilikuwa inajaribu kuwaka, volti inaanguka, kinga inazima, inajaribu tena. Mpaka alfajiri samaki walikuwa wamelainika na mke wangu alishawatoa.

Waya ule niliuziwa dukani kama shaba wa milimita 2.5. Nilipoukata na kuukwangua kwa kisu, uwekundu ulitoka kama rangi na ndani nyuzi zilikuwa nyeupe: alumini iliyopakwa shaba, tena nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Tangu siku hiyo sinunui waya bila kuukwangua kwanza mbele ya muuzaji, na nawaomba wateja wangu wafanye hivyo hivyo.

Kwa friji iliyo mita 5 kutoka kwenye betri mimi naweka shaba halisi wa milimita 6 za mraba. Kompresa ikivuta ampea 5, volti inayopotea ni 0.15 tu. Waya wa 1.5 ungepoteza 0.6 kwa ampea hizo hizo, na wakati wa kuwaka kompresa inavuta zaidi. Kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake, karibu na betri, isizidi shubiri moja. Gari lina godoro, mapazia na watoto waliolala. Hilo la fyuzi sina mjadala nalo.

Nitajuaje wati zilizoandikwa ni za kweli?

Nenda dukani na futi kamba. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri za sasa inatoa kama wati 200, na zilizo bora sana 220 hivi. Ukikuta imeandikwa 300 na vipimo vyake ni mita 1 kwa sentimita 67, hiyo ni ya 130 au 140, hata stika iwe inang'aa vipi. Betri nayo ipime kwa mkono: ya asidi ya 100 Ah unayoinyanyua kwa wepesi kama pakiti ya sukari haina madini ya risasi ya kutosha ndani.

Siwezi kutumia betri ya gari lenyewe?

Usijaribu. Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini. Ukiilaza na friji usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Hapa mjini utawaita vijana wasukume. Ndani ya Tsavo huruhusiwi hata kushuka garini ovyo, na simba yuko.

Injini lakini ni msaidizi mkubwa. Chaja ya DC ya ampea 30 inayotoka kwenye altaneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini) inaingiza wati-saa 380 hivi kila saa ya mwendo. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, masaa mawili na nusu malori yakikubali. Hapo umeshaingiza zaidi ya 900 kabla ya kufika getini. Anayehama kambi kila siku anaweza kupunguza paneli. Anayekaa wiki nzima Diani hawezi.

Chumvi ya bahari inaharibu?

Sana, na kimyakimya. Inaanzia kwenye viunganishi: unafungua unakuta ukijani. Tumia boliti za chuma kisichoshika kutu, paka grisi kwenye vichwa vya betri, na kila unaporudi kutoka ufukweni osha paneli kwa maji ya bomba. Osha asubuhi mapema. Kioo kilichopata moto wa saa saba usikimwagie maji baridi.

Na mvua ikininyeshea siku tatu mfululizo?

Chini ya wingu zito paneli inaweza kukupa robo ya kawaida yake au pungufu, kwa hiyo ile ya 300 italeta labda wati-saa 300 kutwa. Mvua yenyewe inapoza gari, feni inapumzika na friji inanguruma kidogo. Siku ya kwanza hutahisi kitu. Siku ya pili zima kompyuta, chaji simu ukiwa unaendesha. Siku ya tatu endesha hadi Ukunda ukanunue mahitaji, urudi na barafu, uipange ndani ya friji na uizime mpaka jua litoke.